Maumivu ya nyonga ya miaka minane: homoni zilitibu nini na hazikutibu nini

Mgonjwa na historia yake

Kisa hiki ni cha mwanamke wa miaka 31 niliyemhudumia kwa karibu miaka miwili. Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa tiba nimeyabadilisha. Yeye mwenyewe ameridhia kiandikwe. Alisema, "labda mwingine asizungushwe kama mimi."

Siku ya kwanza alikaa pembeni mwa kiti, uzito wote ukiwa kwenye kalio la kulia, kama mtu anayetaka kuinuka wakati wowote. Nilidhani ana haraka. Baadaye nilijua kuwa hawezi kukaa sawasawa zaidi ya dakika kumi. Mapajani alikuwa na bahasha iliyojaa karatasi za vipimo na vyeti vya dawa, amezipanga kwa tarehe.

Alivunja ungo akiwa na miaka 12, na hedhi yake ilikuwa ya maumivu tangu mwanzo: kutapika, kujikunja kitandani, kukosa masomo siku mbili kila mwezi. Hadi alipofika miaka 23 maumivu yalikuja na hedhi na kuondoka nayo. Kisha yakaanza kuitangulia hedhi kwa siku tano, baadaye kwa wiki nzima, na katika miaka mitatu ya mwisho hakukumbuka wiki hata moja iliyopita bila kuumwa. Tendo la ndoa lilimuuma ndani kabisa, na maumivu yalibaki hadi kesho yake. Siku za hedhi, kwenda haja kubwa kulimchoma kama kisu.

Ndani ya bahasha nilihesabu kozi 11 za antibayotiki: saba za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na nne za PID (maambukizi ya viungo vya uzazi). Mkojo ulikuwa umeoteshwa mara tatu tu, na mara zote tatu hakikuota kijidudu chochote. Altrasaundi moja iliyopigwa juu ya tumbo ilisema "kawaida". Na katikati ya hayo yote, watu watatu kwa nyakati tofauti, wawili wao wahudumu wa afya, walimwambia azae, yataisha.

Ushauri huo unaniumiza kila ninapousikia. Ujauzito unaweza kutuliza maumivu ya aina hii kwa muda, kwa sababu hedhi inasimama, lakini hauyaponyi. Na mtoto si dozi ya kumwandikia mtu.

Swali ambalo halikuulizwa

Karatasi mojawapo ilionyesha kuwa mwaka uliotangulia alipewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye mchanganyiko wa homoni mbili, estrojeni na projestini (inayofanana na projesteroni ya mwili), kwa mtindo wa siku 21 za dawa na siku 7 za mapumziko. Chini yake paliandikwa: "Mgonjwa ameacha dawa mwenyewe."

"Dada, kwa nini uliviacha?"

"Daktari, nilikuwa naona mwanga. Mistari kama kioo kilichopasuka, upande mmoja wa jicho, dakika ishirini hivi, halafu kichwa kinaanza kugonga. Tangu nina miaka 19 kinanijia labda mara mbili kwa mwaka. Kwenye vile vidonge kilikuja mara tatu ndani ya mwezi mmoja."

"Ulimwambia aliyekupa?"

"Aliniuliza kama nina presha. Nikasema sina."

Hicho ni kipandauso chenye aura, yaani kile kinachotanguliwa na dalili za macho au ganzi. Mwanamke mwenye hali hii tayari yuko kwenye hatari iliyoongezeka ya kiharusi, na estrojeni ya vidonge vya mchanganyiko huizidisha. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinaiweka hali hii katika kundi la 4 kwa vidonge hivyo, maana yake visitumike kabisa. Kwa hiyo mgonjwa aliyeandikwa kuwa "ameacha dawa mwenyewe" ndiye aliyefanya uamuzi sahihi, peke yake, bila kuelezwa sababu.

Kulikuwa na jambo la pili katika jaribio lile. Aliniambia kuwa zile wiki tatu za kumeza vidonge zilikuwa nafuu kubwa, na maumivu yalirudi kwa nguvu katika wiki ya mapumziko, alipotoka damu. Hiyo ni taarifa ya thamani. Ilionyesha kuwa sehemu ya maumivu yake inafuata mzunguko wa homoni, na kwamba akikaa bila kutoka damu hupata ahueni. Vidonge vikiwa vinamfaa mtu, mara nyingi kuvimeza mfululizo bila mapumziko husaidia maumivu ya hedhi kuliko kuvimeza kwa vipindi. Yeye havikumfaa, lakini mlango wa homoni ulikuwa wazi.

Uchunguzi

Nilianza na tumbo. Nilitafuta pale panapouma, nikabonyeza kwa kidole kimoja, kisha nikamwomba ainue kichwa na mabega akiwa amelala chali. Misuli ya tumbo ikikaza na maumivu yakaongezeka, chanzo kinaweza kuwa ukuta wa tumbo wenyewe. Kwake yalipungua, maana yake chanzo kiko ndani zaidi.

Kisha nikapima kwa ndani, kwa kidole kimoja, taratibu, baada ya kumweleza kila hatua na kukubaliana kuwa akisema "acha" naacha. Kabla ya kufika kwenye shingo ya kizazi, niligusa misuli ya sakafu ya nyonga upande wa kushoto. Ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Alishika ukingo wa kitanda. "Hapo," alisema. "Hapo hapo ndipo panapouma kila siku." Nyuma ya kizazi pia palimuuma, lakini alisema hayo ni maumivu mengine, "yale ya hedhi."

Nataka msomaji aishike sentensi hiyo. Mgonjwa alinitenganishia maumivu mawili kwa maneno yake mwenyewe, siku ya kwanza. Niliyaandika yote mawili kwenye faili. Halafu nikapanga tiba ya moja.

Kipimo cha ujauzito na vya klamidia na kisonono vilitoka hasi. Altrasaundi ya kupitia ukeni, iliyofanywa na mtu aliyezoea kutafuta endometriosisi, ilionyesha uvimbe wa milimita 24 kwenye ovari ya kushoto, wenye majimaji mazito yanayofanana na damu ya zamani. Ovari hiyo haikuteleza ilipobonyezwa; ilikuwa imeshikamana na nyuma ya kizazi. Ile altrasaundi ya awali haikudanganya, ila ilipigwa juu ya tumbo, na kutoka huko mambo kama haya mara nyingi hayaonekani.

Endometriosisi ni hali ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo au kibofu. Inakadiriwa kuwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tishu hiyo hulishwa na estrojeni, na hapo ndipo tiba ya homoni inapoingia.

Uamuzi wa kwanza: kwa nini dienojesti

Swali la kwanza lilikuwa upasuaji. Zamani ilichukuliwa kuwa hakuna utambuzi wa endometriosisi bila upasuaji wa matundu madogo. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya tiba ya uzazi, ESHRE, wa mwaka 2022 haushikilii hivyo tena. Unaruhusu kuanza dawa kwa kutegemea dalili na picha, na kuuacha upasuaji kwa wale ambao picha hazionyeshi kitu au ambao dawa hazikuwasaidia au haziwafai. Uvimbe wa milimita 24 ni mdogo, na kukata kwenye ovari hupunguza akiba ya mayai. Alikuwa hajapata mtoto na alimtaka, "si mwaka huu, lakini si mbali." Tukakubaliana kuanza na dawa.

Estrojeni ilikwisha kuondolewa mezani. Zilibaki projestini, na hizi ziko za namna nyingi. Nilimweleza zote, kwa sababu tofauti yao kubwa haiko kwenye nguvu ya kutuliza maumivu. Iko kwenye maisha ya anayezitumia.

Sindano ya miezi mitatu ya medroksiprojesteroni, 150 mg, husimamisha hedhi vizuri na haina kazi ya kukumbuka kila siku. Lakini ikishaingia haitoki, uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi mingi baada ya dozi ya mwisho, na matumizi ya muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa. Kwa mtu anayetaka mtoto karibuni, hapana. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, 52 mg, hufanya kazi kubwa ndani ya kizazi na hukaa miaka, lakini kwa wengi hakizuii yai kutoka, na ovari yake ndiyo yenye uvimbe. Tena nilihofia kumwekea kitanzi mtu ambaye kidole kimoja tu kimemfanya ashike ukingo wa kitanda. Norethisteroni, kuanzia 5 mg kwa siku, ni dawa nzuri, ya zamani, na pale dienojesti, projestini ya mwisho katika orodha hii, isipopatikana ningeianza bila wasiwasi mkubwa. Nilikumbuka tu kwamba sehemu ndogo yake mwilini hugeuka kuwa estrojeni, jambo la kuangaliwa kwa mwenye aura endapo dozi itapanda.

Dienojesti, kidonge kimoja cha 2 mg kila siku bila mapumziko, kwa kawaida huzuia yai kutoka, hudhoofisha tishu za endometriosisi, na athari yake huisha upesi ukiiacha. Aliichagua yeye baada ya kuuliza swali moja: "Nikitaka mtoto nikaiacha leo, mwezi ujao naweza kuanza kutafuta?" Nikamjibu ndiyo. Nilimwonya pia kuwa ingawa huzuia yai, haijasajiliwa kama dawa ya uzazi wa mpango, kwa hiyo watumie kondomu.

Tulifungua daftari. Kila usiku aandike mistari miwili: alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, na kama kuna damu. Wastani wa wiki ya kwanza, kabla ya dawa, ulikuwa 7, na siku mbili za hedhi 9.

Siku arobaini za matone

Niliharibu hapa kidogo, na ningeweza kuharibu vyote. Nilimwambia, "Mwanzoni unaweza kupata damu kidogo kidogo." Nilidhani nimeeleza. Yeye alielewa siku mbili tatu. Siku ya 40 alipiga simu.

"Daktari, hii dawa inanimaliza damu. Kila siku. Mume wangu ananiambia niiache, na mama mkwe anasema kizazi kinaharibika."

Nilimwomba aje na daftari. Matone yalikuwepo siku 33 kati ya 40, ameyaweka alama kwa kalamu nyekundu. Lakini safu ya pili ya daftari hilo hilo ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitazama nyumbani: alama ya maumivu ilishuka kutoka 7 hadi 5, na zile siku mbili za 9 hazikurudi. Tulipima hemoglobini, yaani wingi wa damu, ikawa 11.4, tukarudia kipimo cha ujauzito, hasi. Nikamchorea utando wa kizazi kwenye karatasi: projestini huufanya uwe mwembamba, na utando mwembamba unaojengwa upya bila estrojeni ya kutosha hubanduka hapa na pale kabla haujatulia. Ni damu ya utando unaopungua. Kwa wengi hupungua sana ndani ya miezi michache.

Mumewe alikuja naye siku hiyo. Aliniuliza kama damu ikikaa bila kutoka "inajikusanya wapi". Ni swali la haki kabisa, na wengi wanalo bila kuliuliza. Haijikusanyi popote, kwa sababu utando wa kutoka haujengwi. Nikamwonyesha kwenye mchoro ule ule. Alinyamaza, kisha akamwambia mkewe, "Basi tuendelee."

Matone yalikoma wiki ya 11.

Uamuzi wa pili, ambao haukuwa sahihi

Mwisho wa mwezi wa tatu hedhi ilikuwa imesimama, maumivu ya choo yameisha, na wastani wa daftari ulikuwa 4. Lakini uligoma hapo. Mwezi wa nne, 4. Mwezi wa tano, 4. Yalikuwa maumivu mazito, upande wa kushoto, ya kila siku, yanayozidi akikaa na baada ya tendo la ndoa. Tendo lenyewe halikuwa na nafuu yoyote.

Nilifikiri: estrojeni bado inafika mahali fulani. Nikaamua kupanda ngazi.

Ngazi inayofuata ni dawa zinazoshika njia ya GnRH, homoni ambayo ubongo huitoa kwa mapigo, kama mpiga ngoma, na tezi ya pituitari hucheza kwa kuifuata na kuziamrisha ovari. Sindano kama leuprolidi hupiga ngoma hiyo bila kupumzika. Mwanzoni tezi huchangamka na estrojeni hupanda, ndiyo maana wiki za kwanza maumivu yanaweza kuzidi. Kisha tezi huziba masikio, ovari hulala, na estrojeni hushuka hadi kiwango cha mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi. Ziko pia dawa mpya za vidonge zinazofunga mlango huo tangu siku ya kwanza bila kuuchangamsha: elagoliksi ilipitishwa Marekani mwaka 2018, na kidonge cha relugoliksi kilichounganishwa na estradioli na norethisteroni kilipitishwa huko kwa maumivu ya endometriosisi mwaka 2022. Hicho cha pili kina estrojeni ndani yake, nami sikutaka kumpa estrojeni kwa njia yoyote.

Nilisimamisha dienojesti nikampa leuprolidi 3.75 mg kwa mwezi. Kosa juu ya kosa: sikumwanzishia siku hiyo hiyo dozi ndogo ya homoni ya kufidia. Nilisema tusubiri tuone athari. Kufidia mapema, kwa mfano kwa norethisteroni 5 mg, hulinda mifupa na hupunguza joto la ghafla bila kuiondolea sindano nguvu yake juu ya maumivu, kwa hiyo kusubiri hakukuwa na faida yoyote.

Wiki mbili za kwanza daftari lilipanda hadi 6. Wiki ya tano alikuwa anaamka mara nne usiku kwa jasho. Kipandauso, ambacho kilikuwa kimetulia, kilikuja mara mbili. Nilimwanzishia norethisteroni pamoja na sindano ya pili, usingizi ukarudi kidogo. Maumivu yalirudi kuwa 4. Yaleyale manne.

Kurudi kwenye ukurasa wa kwanza

Nilifungua faili kutoka mwanzo. "Hapo hapo ndipo panapouma kila siku." Na mstari wa chini: "yale ya hedhi." Estrojeni yake ilikuwa imeshushwa karibu na sifuri, na maumivu yale ya kila siku hayakutikisika. Chanzo chake hakikuwa estrojeni. Kilikuwa misuli iliyokuwa ikijikaza kwa miaka minane kujilinda na maumivu, hadi kujikaza kwenyewe kukawa maumivu, pamoja na mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kengele hata moto ukiwa umezimwa.

Nilimwambia hivyo, na nilimwambia pia kuwa dalili hiyo niliiona tangu siku ya kwanza na sikuifanyia kazi. Hakukasirika. Aliuliza, "Kwa hiyo si kwamba ugonjwa umenizidi nguvu?" Miezi yote ile alikuwa amelibeba wazo hilo: kwamba kama hata sindano kali haikusaidia, basi hakuna tena. Madhara ya kupanda ngazi isiyohitajika hayaishii kwenye joto la ghafla.

Tuliacha sindano baada ya dozi mbili. Alirudi kwenye dienojesti, kwa sababu sehemu yake ya kazi ilikuwa inaifanya vizuri. Alianza fiziotherapia ya sakafu ya nyonga, vikao 10 ndani ya miezi minne, kwa mtaalamu wa kike anayemudu kazi hiyo. Kinyume na wengi wanavyodhani, hakufundishwa kukaza misuli. Alifundishwa kuilegeza: kupumua hadi chini ya tumbo, kutambua anapoikaza bila kujua, kuibonyeza mwenyewe taratibu kwa kidole. Usiku alimeza amitriptilini 10 mg, baadaye 25 mg, iliyosaidia usingizi na ambayo pia hutumika kukinga kipandauso. Mwenzangu mmoja alipendekeza gabapentini. Sikuitumia, kwa kuwa utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga yasiyoonekana chanzo kwa upasuaji wa matundu madogo, haukuona kuwa inashinda kidonge kisicho na dawa, huku madhara yakiwa mengi zaidi. Ugonjwa wake haukuwa sawa kabisa na wa wale, lakini sikuwa na sababu nzuri ya kumwongezea kizunguzungu.

Kikao cha nne alirudi akisema amekaa kwenye harusi saa mbili.

Matokeo

Mwezi wa 12 tangu tuanze, wastani wa daftari ulikuwa 2, na wiki nyingine 1. Tendo la ndoa liliwezekana bila maumivu ya kesho yake, ingawa si kila mara. Uvimbe wa ovari ulipungua kutoka milimita 24 hadi 15. Antibayotiki hajameza hata kozi moja.

Hakuna kilichopona. Ovari bado imeshikamana, na dienojesti haikuing'oa endometriosisi, iliinyamazisha.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote kwa upande wa homoni ni kuuliza kwanza kuhusu kichwa, damu kuganda na mtoto, kisha ndipo kutaja jina la dawa. Maumivu yanapolinganishwa kwenye tafiti, homoni hizi mara nyingi hazipitani sana. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka mwaka 2024 uliwafuata wanawake 405 kwa miaka mitatu baada ya upasuaji wa endometriosisi: nusu walitumia vidonge vya mchanganyiko, nusu projestini za muda mrefu, yaani sindano ya miezi mitatu au kitanzi chenye homoni. Maumivu yalipungua kwa takriban asilimia 40 pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba wa projestini za muda mrefu walihitaji upasuaji mwingine au tiba nyingine mara chache zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anapouliza "ipi ni kali zaidi?", swali la kumrudishia ni lipi kati ya madhara haya anaweza kuishi nalo, na lipi haliwezekani kwake.

Kubadili dienojesti kwenda leuprolidi kulikuwa uamuzi ambao ushahidi ulikuwepo wa kuuzuia. Utafiti wa mwaka 2010 ulilinganisha dienojesti 2 mg na leuprolidi 3.75 mg kwa wiki 24, na nafuu ya maumivu ililingana. Niliujua. Lakini alama ya 4 isiyosogea inamsumbua daktari kama inavyomsumbua mgonjwa, na mkono wa daktari hukimbilia kile anachoweza kuandika kwenye cheti. Kuandika sindano kulinichukua dakika moja. Kumtafuta mtaalamu wa fiziotherapia kulichukua wiki tatu.

Jambo jingine linalochanganya wengi ni kulifanya jibu la homoni kuwa utambuzi. Mwanamke akipata nafuu kwa leuprolidi husemwa "basi ni endometriosisi". Asipopata, husemwa "basi si hiyo". Yote mawili si kweli. Kusimamisha mzunguko hutuliza maumivu mengi yanayofuata hedhi, hata kwa wanawake ambao upasuaji hauwaoni na endometriosisi. Na mgonjwa huyu alikuwa nayo bila shaka, ila maumivu yake ya kila siku yalikwisha kujitenga nayo. Ukubwa wa ugonjwa unaoonekana na ukubwa wa maumivu havifuatani. Nimeona ovari zilizoshikamana pande zote kwa mtu asiyeumwa, na madoa matatu madogo kwa mtu asiyeweza kusimama.

Daftari lilituokoa mara mbili, siku ya 40 na pale lilipoonyesha kuwa sindano haikuisogeza alama ya 4. Bila hilo, siku ya 40 angeacha dawa, na kwenye faili lake kungeandikwa mara ya pili kuwa ameacha dawa mwenyewe. Tangu hapo sisemi tena "damu kidogo kidogo". Nasema: "Unaweza kuona matone karibu kila siku kwa miezi miwili au mitatu. Nunua pedi nyembamba mapema. Mwambie na mwenzio leo." Pia nauliza kuhusu hali ya moyo kila ziara, kwa kuwa projestini huwaletea baadhi ya wanawake huzuni wasiyoihusisha na kidonge. Yeye hakuipata.

Laiti ningeanza upya, fiziotherapia ingeanza wiki moja na dienojesti. Leuprolidi isingeingia kabisa.

Alipoamua kuacha dawa

Mwezi wa 15 alikuja na mumewe. Wanataka mtoto. Nilimweleza waziwazi kuwa homoni alizomeza hazikumwongezea wala kumpunguzia uwezo wa kushika mimba. Kuzitumia kwa nia ya kuusafishia njia ujauzito hakusaidii, ni kupoteza miezi. Na kwamba akiacha, maumivu ya hedhi yatarudi kwa kiasi fulani.

Tulishusha amitriptilini taratibu hadi ikaisha, kisha akaacha dienojesti. Mazoezi ya kulegeza misuli anaendelea nayo kila usiku. Tumekubaliana kuwa ikipita miezi sita bila mimba, hatusubiri mwaka. Anaenda moja kwa moja kwa wataalamu wa uzazi, na huko ndiko suala la upasuaji litakapojadiliwa tena likiwa na sababu mpya.

Ninapoandika, yuko mzunguko wa nne bila dawa. Siku mbili za kwanza za hedhi zinaandikwa 6, siku ya tatu 3, na siku nyingine nyingi za mwezi ni 1. Wiki iliyopita alikaa kwenye kiti changu, mgongo umeegemea, daftari liko wazi mapajani, na mistari mingi haina alama nyekundu.